Mume kaniambia mama karidhia tuje Tanga na mbwa, mama mwenyewe hana habari

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie maana safari imekaribia na usingizi sipati. Mi ni mzaliwa wa Machame, nimeolewa na kijana wa Tanga mjini, kwao Ngamiani, tunaishi Arusha. Nilisilimu kabla ya ndoa kwa moyo wangu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Mume wangu ni fundi wa magari ya utalii, sasa huyu bwana alinunua kosta chakavu iliyokuwa daladala akang'oa siti zote, akaweka kitanda, kabati, tenki la maji juu, jiko la gesi, sola na feni mbili, yaani ukiingia unasahau kama ni gari, mapazia nimeshona mwenyewe. Tangu anaanza kuiunda hamu yetu ni moja tu, twende nayo kwao Idi ya kuchinja, tukae wiki kadhaa, tulale panapotupendeza, halafu turudi.

Shida ni mbwa. Tunao wawili, Bosi ni dume kubwa jeusi lina damu ya jamanishepadi, na Popi ni kajike keupe kadogo tulikaokota mtaroni kipindi cha mvua. Nikisema ndo watoto wetu watu wananicheka lakini wa kwetu Mungu bado hajatujalia, na hapo ndo penye kidonda.

Mume aliniambia kaongea na mama yake, mama kasema njooni tu na viumbe vyenu mradi wasiingie ndani. Nikafurahi jamani. Juzi nimempigia mama mkwe kumsalimia nikamwambia mama asante kwa kuturuhusu kuja na mbwa. Kimya. Halafu akasema, "Ruhusa gani mwanangu? Mwenzio kaniambia mbwa mmeshawagawa." Nikabaki mdomo wazi. Akaendelea kwamba nyumba yake inaswaliwa, watoto wa chuoni wanapita hapo barazani asubuhi na jioni, majirani watamuonaje, na mwisho akamalizia, "Au ndo wajukuu mnaoniletea?" Nilikata simu nikalia mpaka kichwa kikauma.

Mume kurudi nikamuuliza, anasema alikuwa anatafuta wakati mzuri wa kumwambia mama na sasa mi nimeharibu kila kitu. Eti mi ndo nimeharibu! Plani yake mpya ni kosta tuipaki kwenye uchochoro nyuma ya nyumba yao, mchana tukae kwa mama, mbwa tuwafungie ndani ya gari na vioo tupandishe wasisikike, usiku wa manane tuwatoe wajisaidie. Kuwaacha Arusha siwezi, mara ya mwisho tuliwaacha na jirani tukampa hela ya chakula kabisa, tumerudi Popi mbavu zinahesabika na sufuria ya maji ina ukoga. Kuna mjomba wake ana shamba Pongwe lenye uzio na miembe, nikasema basi tupaki huko, hataki, eti mjomba ana maneno na ni aibu mtu kwenda kwao halafu akalale Pongwe. Na bado anataka wakati wa kurudi tupitie Pangani tutokee Saadani ili Bosi aone simba.

Halafu Bosi akisikia adhana anainua shingo analia nayo mwanzo mpaka mwisho, hapa mtaani wameshazoea wanacheka tu, ila Ngamiani sijui.

Nisiende kabisa aende mwenyewe? Au twende na mbwa liwalo na liwe? Na hili la najisi mi bado mgeni, nikiulizwa nababaika, naomba unieleze kama mtoto.

Mama wa Kosta, Arusha

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikairudia, nikatafuta kosa la mbwa sikuliona. Wa kukaa naye chini ni mumeo. Mama yake kamwambia hivi, wewe kakwambia vile, akategemea kosta ikishafika Ngamiani mambo yatajipanga yenyewe. Vijana wetu wa Tanga nawajua, nimezaliwa nao na nimewazaa, maneno matamu wanayo na kila mtu anampa ya kumridhisha kwenye kona yake, ila safari hii mke na mama wamekutana kwenye simu kabla yeye hajapanga la kusema. Kwahiyo hilo la "umeharibu" usilipokee. Ulipiga simu kushukuru, mke anayempigia mkwewe kumshukuru kaharibu nini?

Na mkweo usimfanye adui haraka. Hebu kaa kwenye kiti chake kidogo, yupo zake kwake, anapigiwa simu, anagundua kwa mkwe wake kwamba mtoto aliyemzaa kamdanganya, na wageni anaowasubiri kwa hamu wanakuja na kitu alichoambiwa hakipo. Mtu akishikwa na hasira za namna hiyo hamrushii mwanawe, anamrushia aliye karibu. Lile neno la wajukuu lilikuwa baya na sitalipamba. Lakini wa kulijibu si wewe. Mumeo ndo amwambie mama yake, na amwambie kabla hamjawasha gari, kwamba suala la watoto ni letu wawili na ukiwa na la kusema niambie mimi. Na kama hamjapima, mpime. Wote wawili nasema, maana najua huwa anapelekwa mmoja.

Sasa dini, umesema nikueleze kama mtoto. Pwani yetu wengi tunafuata madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mbwa ni najisi nzito, mate yake, jasho lake, manyoya yakiwa mabichi. Kilichoguswa na ubichi huo kinaoshwa mara saba na mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Lakini kikavu kwa kikavu hakiambukizi najisi, yaani Bosi mkavu akipita akakugusa gauni lako kavu hujanajisika, akikulamba mkono ndo kuna kazi. Ndo maana mkweo anawaza mikeka, kanga za kuswalia na ile ndoo ya udhu pale uani, sio kwamba anachukia wanyama. Wafuasi wa Imamu Malik wana mtazamo mwepesi zaidi kuhusu mbwa, ila mama mkwe hakukuuliza Malik kasemaje, na tafadhali usimwendee na Suratul Kahf umweleze habari za mbwa wa watu wa pangoni, hiyo Sura anaijua kabla hujazaliwa, utaonekana umekuja kumsomesha nyumbani kwake. Lile la mbwa aliyenyweshwa maji kwa kiu na aliyemnywesha akasamehewa madhambi, hilo libaki moyoni mwako likupe amani. Ya kina zaidi muulize sheikh wa msikiti wenu hapo Arusha.

Kwa vitendo fanya hivi, nguo za kwenda kwa mama pamoja na kanga na msala ziwe kwenye begi lao lenye zipu, lisikae sakafuni mwa kosta wala kitandani kama Popi anapanda kitandani (na najua anapanda). Unaoga, unavaa za kwenye begi, unashuka, humshiki mbwa tena mpaka utakaporudi. Mkweo atakiona hicho kitu bila wewe kumwambia, wazee wanaona.

Haya, tuje kwenye uchochoro, na hapa naomba mumeo asome mwenyewe. Baba, wewe ni fundi wa magari, hivi unajua ndani ya gari lililofungwa mchana wa Tanga pakoje? Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama mimi na wewe, anajipooza kwa kuhema ulimi nje, sasa hewa anayoihema ikiwa ya moto na imejaa unyevu kama hii yetu ya bahari atajipooza na nini? Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 kuelekea 39, likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika na hapo hata ukimwahi kwa daktari ni bahati yako. Nje ikiwa 32 jua linawaka, gari lililofungwa halimalizi nusu saa ndani ishapita 45, na kosta ni bati juu na vioo pande zote, jiko la mkaa lina nafuu maana halina mfuniko. Feni zako mbili za sola zitazungusha moto ule ule. Utakuwa umekaa barazani unakula bada na samaki wa kupaka, unamdanganya mama mara ya pili, na huku nyuma ya ukuta Bosi anakufa taratibu. Mkeo atakusamehe hilo lini?

Tena hata wasipokufa. Ngamiani nyumba zimebanana, ukikohoa barabara ya 9 wanakupa pole barabara ya 10. Mbwa akianza kulia na adhana ya alfajiri mtaa mzima utajua, na mama yako atajua mwisho baada ya majirani, hapo ndo umemvua nguo kabisa. Na hilo la kutoka saa nane usiku uchochoroni umeshika mbwa mweusi mkubwa kwa kamba, mwanangu, kwa Tanga hii? Watasema hamkuja na mbwa, mmekuja na mambo mengine.

Jibu liko kwenye barua yenyewe, binti kalitaja kwa kupita tu. Pongwe. Shamba lina uzio, lina kivuli cha miembe, daladala za kwenda mjini zipo, na mbwa kukaa shambani hata dini imempa nafasi, mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wanajulikana tangu enzi za Mtume. Mjomba ana maneno, sawa, mjomba gani hana? Mletee mchele mzuri na sukari, mwache aseme mpaka achoke, na siku mbili za kwanza Bosi akimkimbiza mwizi wa nazi atakuwa anauliza mtarudi lini. Aibu ya kulala Pongwe siioni, mnalala kwenye nyumba yenu wenyewe yenye magurudumu, mchana mpo kwa mama mnasaidia kazi za sikukuu kama watoto wengine. Ila mbwa wasibaki peke yao siku nzima, mpokezane, au mumtafute kijana wa hapo shambani anayewajua na mumlipe, na maji yawe kwenye chombo kizito ambacho Popi hawezi kukipindua. Siku ya Idi yenyewe muwe wote kwa mama, hiyo siku moja kijana abaki nao kuanzia asubuhi. Na nyama ya kuchinja ikiletwa shambani msiwarushie maini wala mapafu mabichi, mbwa anapata minyoo humo na ile minyoo inahamia kwa watu, chemsheni vizuri ndo muwape. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inavunjika vipande vyenye ncha inamchoma tumbo.

Kabla ya safari nendeni kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, mhakikishe chanjo ya kichaa cha mbwa iko hai, kadi ziwe kwenye gari, na mumuulize kibali cha kusafirisha wanyama kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Hii si ya kumfurahisha trafiki peke yake. Hapo mtaani na hapo Pongwe kuna watoto, na mtoto akikwaruzwa tu mtu wa kwanza kulaumiwa ni mgeni mwenye mbwa, kadi itaongea kwa niaba yenu. Ikitokea mbwa yeyote, wenu au koko, kamng'ata mtu, jeraha linaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima halafu hospitali siku hiyo hiyo, sio kupaka kitunguu wala mafuta ya taa, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna dawa ya kumrudisha mtu. Wavalisheni mikanda ya shingo muda wote yenye namba ya simu, kuna nyakati mbwa wazururaji wanasakwa na aliyeshika bunduki hajui kama huyu ana kwao.

Barabarani, kutoka Arusha mpaka Tanga ni zaidi ya kilomita 400 na kosta si basi la abiria, msikimbizane na mtu. Ondokeni saa kumi alfajiri ili Same mpite jua likiwa bado changa, kwa sababu kuanzia pale, Makanya, Hedaru, mpaka mkaribie Mombo, milima ya Upare imekinga mvua, pakavu pale na joto linapanda mapema. Kila baada ya saa mbili hivi simameni penye kivuli, na hapa kuna sheria moja, kamba kwanza ndo mlango. Malori ya barabara ile hayana mchezo, mbwa akiruka nje bila kamba mnaokota mzoga. Jana yake usiku wapeni chakula kidogo, asubuhi maji tu, kidogo kidogo, tumbo likijaa na kona za barabarani mtasafisha kosta mpaka Segera. Dawa za usingizi za binadamu msithubutu kuwapa, kama Popi anatapika safarini daktari huyo huyo wa mifugo atawapa yake. Popi asikae mapajani kwa dereva hata akilia. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye koki gari likitembea. Na wewe fundi, kadi ya gari inasema ni gari la abiria na ndani una kitanda, malizana na TRA na watu wa bima kabla, sio uanze kueleza mbele ya tochi ya trafiki pale Korogwe. Mkifika Segera kushoto, Muheza nunueni machungwa ya kwa mama, mikono mitupu hapana.

Saadani futa. Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa wa nyumbani na sababu ipo, mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa unaoitwa distempa uliingia kwa simba wa Serengeti ukaua karibu theluthi yao, kama simba elfu moja, na wataalamu waliwanyooshea kidole mbwa wa vijiji vya jirani. Hata Mkomazi mtakayopita ubavuni mwake pale Same wana mbwa mwitu wanaowatunza kwa shida, msiingie na hao wenu. Bahari wataiona hapa hapa, nendeni ufukweni asubuhi mapema kusiko na wavuvi na waogaji, na muwe macho na samaki wanaotupwa mchangani, bunju hata aliyekufa zamani anaua mbwa. Na mapango ya Amboni waacheni nje pia, wenyeji wana hadithi ya mbwa aliyepotelea mle ndani akaja kuonekana huko Kilimanjaro, sasa nyie mmemtoa huko huko na mafuta ya dizeli mmelipa.

Umeniuliza usiende? Nenda. Ukibaki Arusha utakuwa umekubali kwamba tatizo ni wewe na mbwa wako, na mumeo atapata hadithi ya tatu ya kumpa mama yake kwa nini mke hakuja.

Ila kabla ya yote kuna simu, na anapiga yeye. Apige baada ya isha mama akiwa katulia, aweke spika na wewe ukae hapo usiseme kitu. Aseme hivi kwa maneno yake: mama nilikudanganya, mbwa hatujawagawa, mke wangu hakujua, nimemdanganya na yeye. Watakaa Pongwe kwa mjomba, kwako hawatakanyaga hata uchochoroni. Sisi tutakuja wasafi kila siku. Mama anaweza kufoka, afoke, asimkatize na asianze kumtania ili acheke, maana hiyo ndo kawaida yao. Akishamaliza ndo wewe uchukue simu umsalimie na umuulize aletewe nini kutoka Arusha. Lile la wajukuu usilitaje, mumeo alimalize siku nyingine wakiwa wawili, ila kabla ya safari.

Akikwambia atapiga kesho, chukua funguo za kosta ukae nazo.